Ziwa Juu ya Vichwa Vyetu

Kila asubuhi, basi likishafunga milango pale Wembley, Peris Kemunto alijifunika macho. Aliketi kiti cha chini karibu na dereva, akashusha mtandio kutoka kichwani mpaka puani, akatia kipande cha tangawizi chini ya ulimi, kisha akatulia kama kuku aliyefunikwa kapu. Hakuhitaji kuona. Sauti ya mwanamke kwenye spika ilimtajia vituo, naye alivijua kwa kona zake na mashimo yake. Akisikia Kingsbury, alifunua uso, akashuka, akasimama kando ya duka la jalebi mpaka ardhi iache kuyumba. Harufu ya samli na sukari iliyowavuta wengine ndani, yeye aliipita ameziba pumzi.

Peris alikuwa mtu wa kichefuchefu tangu utoto. Magari, lifti, hata kiti cha ofisini kinachozunguka, vyote vilimgeuza rangi. Mumewe Elkana, anayepakua mizigo ya ndege Heathrow, alizoea kuwaambia watu wa kanisani kwamba wengine walikuja Uingereza na sanduku, mkewe alikuja na mfuko wa kutapikia. Watu walicheka, na Peris akacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli. Vidonge vya dukani vilimletea usingizi, na mtu anayetunza wazee majumbani hawezi kusinzia kazini. Akabaki na tangawizi na mtandio. Huo mtandio ulikuwa mafundisho ya mama yake. Zamani, wakitoka Nyamira kwenda kwa shangazi Kisumu, mama alimfunika kichwa kizima kwa leso na kumwambia asiione barabara, nayo haitamwona. Barabara ilimwona vilevile, kila safari.

Nyumba aliyokuwa akienda Kingsbury ilikuwa ya Kokila, mjane wa Kigujarati aliyezaliwa na kukulia Kisumu, akaja London akiwa bibi arusi wa juzijuzi. Macho yake yalikuwa yakifa kuanzia katikati. Pembeni bado aliona mwanga, vivuli, rangi ya nguo. Lakini alichokitazama moja kwa moja kilimezwa na doa jeusi. Ukimwendea mbele alikugeuzia shavu, akutazame kwa pembe ya jicho kama kuku anavyoitazama punje. Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba hata hicho kilichobaki kitakwenda, na pengine kabla ya mwaka kwisha. Moyo wake ulikuwa mzima, mifupa mizima, na ulimi ulikuwa mzima kuliko vyote.

Walizungumza Kiswahili. Kigujarati cha Mama Kokila kilikuwa cha jikoni na hekaluni, Kiingereza chake cha hospitali na benki. Kiswahili kilikuwa lugha ya ua wa nyumba yao Kisumu, lugha ya kukimbizana na kuanguka. Na katika Kiswahili hicho hapakuwa na swali. Alikuwa amesimamia washonaji kiwandani karibu maisha yake yote ya London, akazoea kuamuru. Hakuuliza kama chai iko tayari. Alisema, lete chai. Hakuuliza Peris ameamkaje. Alisema, leo umelala vibaya, na mara nyingi alikuwa amepatia. Peris alimwita Mama tangu wiki ya kwanza, na wiki hiyohiyo Mama akaanza kumtafutia makosa kwenye ukunjaji wa shuka, kama anavyofanyiwa binti wa nyumbani.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, Pritesh, mwanawe wa pekee, alikuja na chakula cha mchana akasema shule zikifunga atawapeleka watoto kwenye uwanja mkubwa wa michezo ya kupanda, ule ulio nje kidogo ya London, wenye rolakosta. Walikwenda kila mwaka. Watoto walipanda ile treni ndogo inayoparamia mlima wa chuma, ikajitupa upande wa pili na kupinduka miguu juu, na kila mwaka Mama Kokila aliketi kwenye benchi akilinda makoti na chapati nyembamba za uwatu alizowapikia.

Mara hii alisema kwamba mwaka huu atapanda.

Pritesh alicheka, akadhani ni mzaha. Mama yake akaeleza bila haraka, kama anayesoma vipimo vya nguo. Akiwa msichana, kwenye maonyesho ya kilimo ya Kisumu, aliwahi kupanda gurudumu kubwa na dada yake. Lilipofika juu kabisa lilisimama, na akaliona ziwa lote kwa mara moja, limelala kama sahani. Tangu siku ile hajawahi kuinuliwa hewani akiwa wazi, upepo usoni. Ndege hakuihesabu. Sasa alitaka kupanda tena kabla mwanga haujakwisha, na asichoweza kukiona, mtu atamwambia.

Pritesh hakuwa mtu mbaya. Mwerevu hakatai, huweka sharti. Alisema sheria za pale zinamtaka mtu asiyeona vizuri apande na mtu mzima wa kumweleza na kumsaidia. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa mbovu, mkewe aliogopa hata ngazi. Kwa hiyo, Peris akikubali kupanda naye, yeye hana neno. Alisema hivyo huku akimtazama Peris kwa huruma. Asubuhi alizopita kumwona mama yake kabla ya kazi, alikuwa amemfungulia mlango na kumwona amekuwa rangi ya majivu, kwa safari ya basi tu.

Mama Kokila aligeuza shavu upande wa Peris.

"Utapanda," alisema.

"Mama, mimi hata basi linanishinda."

"Utaanza na basi."

Jioni Peris alimsimulia Elkana, naye akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Peris, wewe ukiingia lifti unaomba kama mtu anayevushwa Bahari ya Shamu." Halafu akaona mwenzake hacheki. Akauliza itakuwaje asipopanda. Peris akasema kwamba Mama naye hatapanda. Elkana akasema si kuna mwakani. Peris akamjibu kwamba mwakani huenda mama yule asijue hata kama ni mchana. Elkana alikiokota kijiko, akala taratibu, na kwa wiki nzima hakuutaja mfuko wa kutapikia mbele ya mtu.

Mazoezi yalianza katika saa ya matembezi ya Mama Kokila. Karibu na nyumba palikuwa na bustani yenye bembea za watoto. Peris alimketisha mama kwenye benchi, akamwekea mkoba mapajani, akajibana kwenye kiti kilichopimwa kwa makalio ya mtoto. Wanawake waliokuwa wakiwasukuma watoto wao walitazama kando kwa adabu. Alirusha miguu mara chache, dunia ikaanza kuyeyuka, akaruka chini na kukimbilia nyuma ya ua wa miti. Chai ya maziwa na chapati za asubuhi, alizokula kwa imani ya kwao kwamba msafiri hatoki na tumbo tupu, zilirudi zote.

"Kesho mkate mkavu," Mama Kokila alisema kutoka kwenye benchi. "Na usishibe."

Kesho yake mkate mkavu ulikaa mahali pake, na bembea ikaenda juu kidogo. Mama Kokila hakuiona, lakini alisikia minyororo. Ikipunguza mlio alijua. "Bembea imelala," alisema. "Iamshe." Siku chache baadaye akatoa amri mpya: Peris aseme anachokiona akiwa juu. Kama siku hiyo atakuwa macho ya mtu, aanze sasa.

Peris akasema. Anaona mapaa ya nyumba. Anaona ndege. Anaona mtu na mbwa wake, na tao la uwanja wa Wembley liking'aa juani. Aliyasema hayo yote akiwa amefumba macho kwa nguvu, ameishika minyororo kama mtu anayening'inia kisimani. Aliyatunga. Aliamini kwamba akifumbua tu tumbo litampinduka, na, Mungu amsamehe, kumtungia mtu asiyeona kulikuwa rahisi.

Mama Kokila alingoja minyororo itulie.

"Tao la Wembley liko nyuma yako, Peris," alisema. "Mimi nimekuja hapa miaka mingi na macho yangu."

Peris alikosa pa kuuweka uso.

"Pritesh ananiambia mapazia ni safi. Jirani ananiambia sijazeeka. Kila mtu akiona macho yangu yamekufa ananipa uongo, kama mtoto anavyopewa pipi. Wewe usinipe. Mimi natafuta macho. Wewe unayo, na unayafumba kama ya maiti."

Walirudi nyumbani. Peris alipika dengu, akapanga dawa, akaaga, na akaitikiwa kwa kichwa.

Ndani ya basi la kurudi, mtandio ukiwa usoni, alijiuliza kwa mara ya kwanza ni siku gani kitambaa kile kiliwahi kumsaidia. Alitafuta safari hata moja tangu Nyamira, hakuipata. Mle gizani tumbo lilikuwa likirushwa kila kona bila kujua linakopelekwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliuvua mtandio, akaukunja, akautia mkobani, akatazama mbele, mbali kabisa, mahali ambapo mnara wa kanisa ulisimama mwisho wa barabara. Akaushika kwa macho kama mtu anavyoshika nguzo. Tumbo likatulia. Basi likakata kona, mnara ukapotea, kichefuchefu kikampanda mpaka kooni, akashuka mapema na kwenda nyumbani kwa miguu. Lakini hakutapika, na njia yote ile alitembea akiwaza habari ya mnara.

Asubuhi iliyofuata alimwomba Mama Kokila msamaha. Mama alisema, "Lete koti langu," wakaenda bustanini.

Tangu siku hiyo Peris alibembea macho wazi, na akasema kilichokuwapo tu. Kilichokuwapo kilikuwa kidogo kuliko alivyokuwa akitunga, lakini kilikuwa na uzito. Mlango wa kijani uliobambuka rangi. Mwanamume anayepigana na mkanda wa kiti cha mtoto garini, na kiti kinamshinda. Kunguru anayekula kiazi cha kukaanga. Aligundua kwamba ili kusema lazima atazame mbali, na akitazama mbali tumbo humfuata, na ulimi ulio kazini humsahaulisha koo. Siku mbaya zilikuwapo. Kuna siku alirudi nyuma ya ua wa miti kama mara ya kwanza, akatoka akiwa amekata tamaa, na Mama Kokila, badala ya kumpa pole, alisema kwamba yule mtu wa kiti cha mtoto bila shaka bado anahangaika, na Peris amtazame aseme. Hakusifiwa hata mara moja. Akipatia, aliambiwa, "Endelea."

Basi nalo likawa shule. Kila wiki alikwenda vituo vichache zaidi bila kushuka, kisha akathubutu kupanda ghorofani, kiti cha mbele kabisa, penye kioo kipana kama ukuta. Jumamosi moja Elkana alimsindikiza, amebeba mfuko tayari mapajani. Walipofika Kingsbury mfuko ulikuwa mkavu, na Elkana, aliyekuwa ameutazama tu njia nzima, alisema yeye ndiye anayejisikia vibaya kidogo. Siku hiyo Peris aliingia dukani akanunua jalebi, akazila akiwa amesimama mlangoni.

Mwisho wa Julai ukafika. Pritesh aliendesha gari, watoto wake nyuma na bibi yao, Peris kiti cha mbele macho kwenye upeo wa barabara. Zile chapati za uwatu zilizungushwa na achari ya pilipili, na harufu ikajaa gari zima. Zilipomfikia Peris, Mama Kokila alisema kutoka nyuma kwamba huyo leo hali.

Foleni ilikuwa ndefu, na juu yao treni ilipita ikinguruma, miguu ya watu ikining'inia. Mlangoni, kijana mhudumu aliuliza nani anafuatana na mama, akamweleza namna ya kumwongoza hadi kiti chake na nini cha kufanya treni ikisimama katikati. Pritesh alikuwa amesimama kando, na mkononi alishika mfuko wa plastiki aliouleta kwa ajili ya Peris. Alimwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza chake cha upole, kwamba hakuna atakayemlaumu akiacha. Watamwambia mama yake kwamba treni imeharibika. Hatajua.

Maneno hayo ndiyo yaliyomsukuma. Peris alimgeukia mhudumu na kumwomba viti vya katikati, maana alikuwa ametazama akaona kwamba mkia wa treni ndio unaochapwa zaidi. Akamshika Mama Kokila kiwiko, akamwongoza hatua kwa hatua, akamfunga chuma cha kifuani, kisha akajifunga cha kwake. Akakandamiza kisogo kwenye kiti kisicheze. Treni ikaanza kupanda, mnyororo chini yake ukigonga tak, tak, tak.

"Sema," alisema Mama Kokila.

Peris akasema. Miti inashuka. Watu wamekuwa wadogo, Pritesh ana shati la buluu, amekuwa kama kifungo. Kuna barabara kuu, magari yameshikana. Upande wa kulia kuna ndege, moja nyuma ya nyingine, zinashukia Heathrow, kule anakopakua Elkana. Kuna mto, unang'aa kipande kipande. Mbele yao reli inapanda mpaka angani na angani inakatika.

"Sema inavyokatika."

"Kama ngazi iliyokosa chumba, Mama."

Mnyororo ukanyamaza. Kwa pumzi moja hapakuwa na mlio wowote isipokuwa upepo, na Mama Kokila aliinua uso kuupokea. Kisha wakaanguka.

Sauti ya Peris ilikatika. Tumbo liliachwa juu, mwili ukatangulia, na kope zake zikaanza kushuka zenyewe, kwa mazoea ya maisha yake yote, leso ya mama yake ikija kumfunika. Giza lilikuwa limekwisha kufika nusu.

"Sema," ilisema sauti pembeni, bila hofu.

Akafumbua. Ardhi ilikuwa ikija, akasema ardhi inakuja. Miti inakuja, inapita, tunapanda tena. Alishika kilele cha mbele kwa macho, kilele kikageuka, akashika kingine. Alisema kulia, Mama, tunalala kulia, na Mama Kokila akalala kulia naye, kama mtu anayejua wimbo. Alisema sasa tunakwenda juu, juu, tunapinduka; na dunia ikageuka kama chapati kwenye kikaango, na pale, mahali ambapo mbingu ilipaswa kuwa, palikuwa na maji, mapana, ya kijivu, yenye bata wawili waliokuwa wakiogelea kichwa chini bila wasiwasi.

"Mama, kuna ziwa," alisema Peris. "Ziwa liko juu ya vichwa vyetu."

Mama Kokila akacheka. Peris hakuwahi kumsikia akicheka hivyo. Kilikuwa kicheko cha msichana, kilichotoka tumboni, na kiliendelea treni ilipojinyoosha, kikaendelea breki zilipolia, kikawa bado kinamtikisa mabega vyuma vilipofunguka.

Peris alisubiri. Kichefuchefu kilikuja, kikachungulia kooni, hakikukuta mtu wa kumwogopesha, kikarudi kilikotoka. Alisimama. Alikuwa na jasho, nywele zilisimama upande mmoja, na alikuwa amesimama. Akamshika Mama Kokila kiwiko, wakashuka ngazi pamoja.

Pritesh hakuwapo pale walipomwacha. Watoto walikuwa wamemvuta mpaka kwenye vikombe vikubwa vinavyozunguka, mchezo wa watoto wadogo, akidhani hauna neno. Walimkuta ameketi kwenye ukuta mfupi, kichwa kati ya magoti, na mfuko wa plastiki alioubeba kwa ajili ya Peris ulikuwa umepata kazi. Peris alimpa kipande cha tangawizi, akamwonyesha mti wa mbali ulionyooka, akamwambia autazame huo tu. Pritesh akautazama. Baada ya muda alimtazama na Peris, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili kibovu alichokisikia utotoni kwamba asante sana.

Wakati wa kurudi watoto walilala. Pritesh aliendesha polepole kuliko asubuhi. Peris alikuwa tena mbele, mtandio umekaa mabegani kama pambo. Alitoa simu akamwandikia Elkana neno moja, nimepanda, na mara moja akajibiwa kwamba apige picha ya treni, maana kule kwenye mizigo hakuna anayemwamini. Akaicheka simu kimyakimya. Jua la jioni liliingia upande wa kushoto, na Mama Kokila, nyuma yake, aliligeuzia shavu.

Walipokaribia Kingsbury, taa za maduka zikianza kuwaka, mama yule alisogea mbele mpaka Peris akahisi pumzi yake karibu na sikio. Hakutoa amri. Kwa mara ya kwanza tangu Peris amjue, aliuliza.

"Lile ziwa juu ya vichwa vyetu. Uliliona kwa macho yako?"

"Nililiona, Mama."